Vyakula vya Wanga

Siku Bi Zuhura alipoanza kumwogopa mdogo wake wa tumbo moja, alikuwa ameketi kwenye benchi la nyuma kabisa la kliniki ya sukari, Morogoro mjini. Mbele yake walijaa watu wapatao arobaini, na jicho lake la kulia lilikuwa limeshaanza kuingia ukungu.

Aliondoka kwake alfajiri, kule mlimani juu ya Bigwa, akateremka na fimbo yake, tumbo tupu kama alivyoelekezwa. Miezi minne nyuma alikuwa amelazwa akiwa hajitambui, na alipozinduka akaambiwa ana kisukari. Akaandikiwa dawa ya sindano, asubuhi na jioni. Tangu hapo alikuja kliniki kila mwezi, na kila mwezi, kabla ya kumwona daktari, wagonjwa walipewa somo kwanza.

Siku hiyo mwalimu alikuwa Sista Theresia, muuguzi wa makamo ambaye sauti ilikuwa imemkauka kwa kusema. Mwenzake wa zamu alikuwa kwenye likizo ya uzazi, kwa hiyo kufundisha ni yeye, kupima ni yeye, kuandika daftari ni yeye. Alifundisha huku akiitupia macho saa ya ukutani.

"Nimesema mwezi jana na leo nasema tena," alisema. "Vyakula vya wanga! Vyakula vya wanga ndivyo vinavyowapandisha sukari. Mtu anachoma sindano, anarudi hapa sukari iko palepale, analalamika dawa haifanyi kazi. Itafanyaje kazi, na jioni unakaa unashiba chakula cha wanga? Wala msidhani viko mbali. Viko humo humo majumbani mwenu, kwenye sahani mnazopakuliwa na watu wanaowapenda."

Bi Zuhura akainua kichwa.

Yeye alilelewa kwa Kiluguru. Kiswahili alikijua cha sokoni, cha madrasa na cha redioni, na katika Kiswahili chake chote hicho neno wanga lilikuwa na maana moja tu: wale watu wanaotoka usiku kuchezea uhai wa wenzao. Hakuwahi kusikia popote kwamba ugali, wali na magimbi navyo vina wanga wake. Kumbe hata hospitali wanajua, alijiambia.

Akajivuta mbele ili asikie vyakula hivyo mtu anavitambuaje. Sista Theresia alikuwa ndiyo kwanza anafungua karatasi ya picha, mlango wa pembeni ukafunguliwa na jina likaitwa. "Zuhura Mkude! Kutolewa damu, chumba namba tatu." Aliporudi, karatasi ilikuwa imeshakunjwa na somo limefika kwenye miguu: msitembee peku, kagueni nyayo, kidonda kidogo kinakata mguu.

Zamu yake ilipofika, aliingia kwa Sista Theresia peke yake. Sista alimtoboa kidole, akakigusisha kwenye kile kimashine chake kidogo, akangoja.

"Kumi na tisa nukta nne," alisema, akiandika. "Bibi, hii sukari ni ya kukuua. Sindano unachoma?"

"Nachoma. Macho hayaoni vile vijistari vya bomba, mdogo wangu ndiye anayenivutia dawa."

"Na kupika anapika nani?"

"Yeye huyo huyo. Shamsia. Tangu mume wangu afariki tunakula chungu kimoja."

Sista alitikisa kichwa bila kuinua macho kutoka kwenye daftari. "Basi ndiye wa kuzungumza naye. Chakula chake ndicho kinachokuua."

Bi Zuhura alishikilia ukingo wa kiti. "Umejuaje, sista?"

"Mimi sijui kitu, mashine ndiyo inayosema. Na mashine haidanganyi. Mwambie aache, bibi, la sivyo utafute mtu mwingine wa kukupikia. Umeelewa?"

"Nimeelewa, mwanangu."

"Haya. Mwite anayefuata."

Njia ya kurudi mlimani ni ya saa mbili kwa mtu mzima wa afya. Siku ile ilimchukua karibu nne, maana kila alipopumzika fikra zilikuja kukaa naye. Shamsia! Mtoto ambaye yeye Zuhura alimbeba mgongoni mama yao alipokuwa shamba, akamfundisha kusuka ukili. Haiwezekani. Lakini mashine haidanganyi. Na fikra zikishapewa njia hazikosi pa kwenda. Kwa nini Shamsia huamka kabla ya adhana, kila siku, kabla ya mtu yeyote? Anasema anakwenda kuukanda unga wa maandazi ya kuuza. Kwa nini yeye Zuhura alikuwa mzima wa afya mpaka alipoanza kula chungu kimoja na mdogo wake? Kwa nini Shamsia humpakulia sahani ikajaa kama mlima, akasimama kumtazama akila? "Kula, dada, umekonda. Ongeza gimbi. Chai haijakolea sukari?"

Alipofika kwenye jiwe la mwisho, pale unapoanza kuona paa za kwao katikati ya migomba, akakumbuka la Mwanaidi. Binti yake wa mwisho, miaka sita, aliyeshikwa na homa wakati yeye Zuhura yuko msibani Matombo. Shamsia ndiye aliyembeba mtoto kumteremsha hospitali, na mtoto alikata roho njiani, mgongoni mwa mama yake mdogo. Miaka ishirini na sita Zuhura alikuwa amemshukuru mdogo wake kwa jambo lile. Sasa aliketi juu ya jiwe akaligeuza, na upande wa pili ulimtisha hata akalia.

Jioni ile Shamsia alileta ugali, maharage na ndizi za kuchemsha. "Shikamoo, dada. Wamesemaje huko?"

"Marahaba. Wamesema niendelee na dawa."

"Mbona huli?"

"Nimeshiba."

Alipoondoka, Zuhura aliwamwagia kuku sahani nzima, akakaa mlangoni akiwatazama kama watakufa. Kuku hawakufa. Hilo halikumtuliza, kwani mwanga anamtafuta mtu wake, hatafuti kuku.

Ikawa hivyo siku baada ya siku. Alikula mchicha aliouchemsha mwenyewe, parachichi alilolichuma mwenyewe, chai kavu bila kitu. Sindano pia aliikataa kutoka mkononi mwa Shamsia. Kichupa cha dawa kilikuwa ndani ya kopo, kopo ndani ya chungu chenye mchanga uliolowa ili kipate ubaridi. Alikitoa mwenyewe, akainua bomba kuelekea mwanga wa dirisha, akavuta kwa kukisia.

Siku ya tisa Shamsia hakuvumilia. Hakwenda kwa majirani. Alikwenda kwa mjomba wao Stambuli, ndugu wa mwisho wa mama yao, ambaye ndiye msemaji wa ukoo katika mambo ya ardhi na ya ndugu. Akamwambia, dada yangu amenikatia chakula, silijui kosa langu, naomba tukae. Mjomba akawakalisha barazani kwake siku ya Ijumaa baada ya sala, pamoja na wazee wanne wa ukoo na wake zao.

"Zuhura," mjomba alisema, "mwenzio analalamika. Sema lililo moyoni."

Bi Zuhura alikuwa amejiapiza kunyamaza. Lakini alimwona Shamsia ameketi mkekani na kanga yake ya maua ya zambarau, uso mkunjufu kama wa mtu asiye na deni na yeyote, na hofu ya siku tisa ikamtoka kwa mkupuo.

"Hospitali wamepima," alisema. "Wamenitoa damu wakaitia kwenye mashine. Wameona ninalishwa vyakula vya wanga. Sista akaniuliza nani anakupikia, nikasema Shamsia, akaniambia chakula chake ndicho kinachoniua."



"Hospitali ndio wamesema?" mjomba aliuliza polepole.

"Kwa kinywa chao. Mambo ya wanga aliyasema mbele ya watu arobaini."

Kama angesema ameambiwa na mganga, mjomba angemkemea, maana alikuwa mtu wa dini na mambo ya ramli hakuyataka kwake. Lakini hospitali! Wazee walitazamana. Mke wa mmoja wao alisogeza miguu yake mbali na ukingo wa kanga ya Shamsia, kidogo tu, kama mtu anayepisha maji.

Shamsia hakupiga kelele. Alimtazama dada yake, kisha akasema, "Dada, mimi?" Halafu akarudia tena kwa sauti ndogo zaidi, "Mimi, dada?" Alipoona hajibiwi alisimama, akavaa ndala zake, akatoka.

Mjomba alisema jambo lile lisitoke nje ya baraza. Kufikia Jumatatu lilikuwa limefika mpaka kwa wachota maji bombani. Maandazi ya Shamsia yalilala kwenye beseni mpaka yakawa magumu. Watoto waliokuwa wakimkimbilia walivutwa mikono na mama zao. Mtu mmoja, hakujulikana nani, alimchorea msalaba wa mkaa mlangoni. Wiki ya pili haikuisha, Shamsia akafunga nguo zake kwenye shuka na kushuka Mafiga kwa bintiye Nasra. Alipita mbele ya nyumba ya dada yake bila kugeuza shingo, na Bi Zuhura, aliyekuwa anachungulia kwenye upenyo wa dirisha, alingoja nafuu imjie moyoni. Haikuja.

Asubuhi mbili baadaye, alijichoma sindano kama kawaida yake mpya, kwa kukisia. Akanywa chai kavu, akachukua jembe kwenda kupalilia maharage. Jua halijapanda vizuri, mikono ikaanza kumtetemeka. Jasho likamtoka kama maji, kisha shamba likawa linaenda mbali naye, linarudi. Alikumbuka kufikiri: sasa wamekuja mchana. Akataka kuita jina la mtu, na jina lililomjia ni Shamsia. Hakukumbuka tena kitu.

Aliyemkuta ni jirani yake Dadi, mkulima wa kabichi, aliyekuwa anapita na tenga lake. Alimkuta amelala ubavu kati ya matuta, meno yameumana, akitoa maneno yasiyoeleweka. Waliokusanyika walisema ni wanga wamemalizia kazi yao, apelekwe kwa mtu wa dawa za kienyeji. Dadi alisema, "Huyu ana kadi ya hospitali, na hospitali ndiko anakokwenda." Alimbeba mgongoni mpaka barabarani, kisha wakampakia katikati kwenye pikipiki, Dadi nyuma akimshikilia.

Hospitali, kimashine kilisoma moja nukta nane, sukari imeshuka mno. Sista Theresia mwenyewe ndiye aliyemtafutia mshipa na kumwingizia maji ya sukari, akimpigapiga shavuni. "Bibi! Bibi Zuhura! Fumbua macho."

Alipofumbua, aliona dari, kisha uso wa sista. Kinywani alikuwa na ladha ya chuma. Sista alimnywesha uji, akangoja aumalize, ndipo akavuta kiti. Ilikuwa mara ya kwanza Bi Zuhura kumwona mwanamke yule ameketi.

"Umechoma dawa bila kula," Sista Theresia alisema. "Tena dawa nyingi kupita kiasi. Ungekufa shambani. Kwa nini hukula?"

"Mliniambia nisile chakula cha wanga."

"Tulitaka upunguze, hatukusema uache kula kabisa. Na mdogo wako yule anayekuvutia dawa yuko wapi?"

"Nimemfukuza. Mlisema ndiye mwanga."

Sista alitabasamu kwanza, kama mtu aliyesikia vibaya. Kisha tabasamu likamganda.

"Ndiye nani?"

Bi Zuhura alimweleza yote, kuanzia benchi la nyuma mpaka kwenye shuka la nguo. Mgonjwa wa kitanda cha jirani alikuwa anasikiliza, akaangua kicheko. Sista aligeuka akamtazama, kicheko kikakatika.

"Bibi," alisema, "wanga ninaousema mimi ni kitu kilichomo ndani ya chakula. Ni ule uzito mweupe unaouona ukiloweka muhogo, ule unaotuama chini ya beseni. Uko kwenye ugali, kwenye wali, kwenye gimbi, kwenye ndizi. Ukishaula, tumboni unageuka sukari. Chakula cha mdogo wako kilikuwa kinakuumiza kwa sababu anakupakulia mwingi. Ni hilo tu. Hakuna mtu aliyetajwa pale."

Bi Zuhura alitazama mikono yake. Alikuwa amechuja unga wa muhogo maisha yake yote, akaukausha ule mweupe kwa kupigia pasi kanzu za mume wake. Alikuwa anaujua kwa vidole kabla sista hajazaliwa.

"Kumbe una jina hilo," alisema.

Mtu alimwita Sista Theresia kutoka chumba kingine, naye hakuinuka. "Miaka kumi na moja nalifundisha neno hili," alisema. "Nilikuuliza umeelewa, ukasema umeelewa. Sikukuuliza umeelewa nini. Nisamehe, bibi."

Siku aliyoruhusiwa, sista alimaliza zamu yake, akavua koti jeupe, akamsindikiza mpaka Mafiga. Nasra ndiye aliyefungua mlango. Hakuwaambia karibu, lakini aliondoka mlangoni wakapita. Shamsia alikuwa uani anachambua mchele kwenye ungo. Hakuinuka. Hakusema shikamoo.

Sista alieleza. Alieleza vizuri, bila kujitetea, akarudia habari ya benchi la nyuma na jina lililoitwa katikati ya somo. Shamsia alisikiliza huku vidole vikiendelea kutoa mawe kwenye mchele.

"Wewe sista nimekusamehe kabla hujamaliza," alisema. "Wewe hunijui. Ulisema neno lako ukaenda zako kwenye kazi." Ndipo akamtazama dada yake. "Neno lingeweza kumpotea mtu yeyote. Lakini lilipokupotea, ulikwenda moja kwa moja mpaka kwangu. Hukusita hata njiani?"

"Nilisita, Shamsia. Nilikaa juu ya jiwe nikalia."

"Ulikuwa unalia nini?"

Bi Zuhura angeweza kudanganya. Alikuwa amekuja kuomba radhi, na kwa wengi radhi ya nusu inatosha. "Mwanaidi," alisema.

Ungo ulisimama. Punje chache zilidondoka chini, na hakuna aliyeziokota.

"Hata Mwanaidi ulimtia humo," Shamsia alisema. Hakuwa anauliza. "Nilipofika naye kwenye mto, nilijua ameshakufa. Niliendelea kukimbia, maana niliona nikisimama, nitakuja kukwambia nini? Sijawahi kukwambia hilo." Alivuta pumzi. "Nenda, dada. Sikuchukii. Lakini kule mlimani sirudi. Nimesikia mtoto wa watu analia kwa sababu nimemshika kichwa. Siwezi kuishi hivyo."

"Nitakusafisha jina. Nitapita nyumba kwa nyumba."

"Pita," alisema Shamsia, akaurudia ungo wake.

Nasra aliwatolea maji ya kunywa kabla hawajaondoka. Ndiyo yote waliyopata siku ile.

Bi Zuhura alirudi mlimani. Dadi na mkewe walikubali kumvutia dawa, na sista alimfungia uzi mwekundu kwenye bomba mahali pa kuishia, ili hata jicho bovu lipaone. Kliniki nayo ilibadilika kidogo: siku hizi Sista Theresia huja na beseni lenye muhogo ulioloweshwa, humwita mtu mmoja wa benchi la nyuma atie mkono chini, kisha humwambia asimulie alichosikia kwa maneno yake mwenyewe. Sukari ya Bi Zuhura inasoma tisa, wakati mwingine nane. Sahani yake ina gimbi moja, mboga nyingi, na hakuna anayesimama kumtazama akila.

Aliitimiza ahadi. Alianza kwa mjomba Stambuli, akaungama barazani mbele ya wale wale wazee wanne na wake zao. Mjomba aliomba dua, akasema limekwisha. Kisha akaanza nyumba kwa nyumba, na fimbo yake, nyumba tatu au nne kwa siku kadiri miguu ilivyomruhusu. Kila mahali alisema maneno yale yale: nilikosea, nilisikia vibaya, wanga ni wa kwenye chakula, mdogo wangu ni mtu safi. Watu waliitikia kwa kichwa. Walimkaribisha chai isiyo na sukari. Walisema, eh, Mungu mkubwa.

Siku ya nne alifika kwa mama mmoja anayeitwa Martina, mwenye watoto wadogo, ambaye zamani ndiye aliyekuwa mteja mkubwa wa maandazi ya Shamsia. Martina alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akachungulia nje, akafunga mlango, akamshika Bi Zuhura mkono kwa huruma ya kweli kabisa.

"Mama, niambie mimi, sitamwambia mtu," alinong'ona. "Alikutishia nini huko Mafiga mpaka ukakubali kuja kumsafisha?"

Bi Zuhura alieleza tena, tangu mwanzo, muhogo na beseni na ule mweupe unaotuama. Martina alikuwa anatikisa kichwa kwa kumwonea huruma, na kadiri alivyozidi kueleza ndivyo macho ya yule mwanamke yalivyozidi kujaa machozi kwa ajili yake.

Bi Zuhura alitoka nje akasimama uani. Ukungu ulikuwa unashuka kutoka kilele, umeshafika kwenye migomba ya juu. Alihesabu kwa kidole nyumba zilizobaki upande ule wa bonde, akapata kumi na moja, akashika njia ya kwenda kwenye ile iliyo karibu.